Je, Wajua? Mali, Daftari na Mlio wa Skana

Mwenye duka, awe na kibanda cha mtaani au duka kuu la ghorofa tatu, hulala na maswali yale yale manne: niweke bidhaa gani, nimeuza nini, niagize kiasi gani, na stoo imebaki na nini? Siku hizi maswali hayo hupelekwa kwa programu za kompyuta. Lakini programu hizo zina wazee wao, na wazee wenyewe wametoka mbali: kwenye misafara ya shanga, baa ya Ohio, mchanga wa Miami na nyumba za chai za Uingereza. Twende nao mmoja mmoja.

NIWEKE BIDHAA GANI?

Je, wajua kwamba katika karne ya 19 kuchagua bidhaa kulikuwa jambo la kufa na kupona hapa kwetu? Richard Burton, aliyesafiri kutoka Zanzibar hadi Ziwa Tanganyika kati ya 1857 na 1859, aliandika kwamba shanga za biashara zilikuwa za aina kama 400, kila aina na jina lake, thamani yake na mahali ilikopendwa. Shanga nyekundu za samesame zilipendwa mno hata zikapewa majina yenye maana ya "kimaliza chakula" na "kivunja mji", kwa kuwa mtu aliweza kutoa chakula chake cha siku ili azipate.

Henry Morton Stanley, msafiri mwingine, alipokuwa akifunga mizigo Zanzibar mwaka 1871, aligundua ugumu huo huo. Shanga nyeusi zilikuwa fedha Ugogo, lakini kwingine hazikuwa na kazi. Nyeupe zilipokelewa Ufipa, zikadharauliwa Ukonongo. Msafara uliokosea hesabu ulikuwa umebeba mawe: chakula kinaonekana sokoni, ila hakinunuliki, na duka la kubadilishia liko miezi kadhaa nyuma, pwani. Programu ya leo inayoamua tawi la Dodoma lipate nini na la Tanga lipate nini inajibu swali la wale waliofunga mizigo ya shanga.

Je, wajua kwamba kitambaa cha marekani kilipata jina hilo kwa sababu kilitoka Marekani kweli? Kilikuwa pamba isiyotiwa rangi, na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, ndio waliokileta Zanzibar kwa meli. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, vilikata mzigo, na nguo za Uingereza na India zikaingia kwenye pengo. Mnunuzi hamsubiri muuzaji aliyeishiwa. Hilo Salem ililijua kwa gharama kubwa.

Je, wajua kwamba zamani mteja wa Marekani hakuruhusiwa kugusa bidhaa? Alisimama kaunta, akataja anachotaka, karani akamletea. Mwaka 1916, huko Memphis, Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly ambamo mteja alijichukulia mwenyewe rafuni. Tangu hapo rafu ikawa muuzaji, na mpangilio wake ukawa elimu.

Je, wajua kwamba kikapu cha magurudumu kilikataliwa kilipozaliwa? Sylvan Goldman alikianzisha Oklahoma City mwaka 1937. Wateja walikikwepa, hadi alipowalipa watu wazunguke nacho dukani ili wengine waone na kuiga.

Je, wajua kwamba bidhaa nyingi mno zinaweza kumfukuza mnunuzi? Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, Sheena Iyengar na Mark Lepper waliweka meza ya jamu za kuonja katika duka moja la California. Meza yenye aina 24 ilivuta watu wengi zaidi, lakini walionunua walikuwa 3 tu katika kila 100 waliosimama. Meza yenye aina 6 iliuzia watu 30 katika kila 100.

Je, wajua kwamba kwa kawaida bidhaa chache tu ndizo zinazolilisha duka zima? Mchumi Vilfredo Pareto aliona kwamba sehemu kubwa ya ardhi ya Italia ilikuwa mikononi mwa watu wachache. Baadaye Joseph Juran akaonyesha kwamba sura hiyo hujirudia kwenye mambo mengi. Programu za maduka huitumia kugawa bidhaa katika makundi A, B na C. A ni zile chache zinazotoka sana, kama unga, sukari na mafuta. Hizo huhesabiwa mara kwa mara na haziruhusiwi kuisha. C ni nyingi, lakini kila moja hutoka kwa nadra. Ukitaka kujua mtaji wako umelala wapi, anza kupekua C.

Je, wajua kwamba 7-Eleven ya Japani ilipoweka mashine za mauzo katika maduka yake mwaka 1982, ilitaka zaidi ya kulinda fedha? Keshia alibonyeza pia kitufe cha jinsia na umri wa kukadiria wa mnunuzi. Ofisi kuu ikajua ni nani anayenunua maandazi ya asubuhi na ni nani anayenunua chakula cha usiku, na kila duka likapanga rafu zake kwa watu wake.

Je, wajua kwamba hata kimbunga kina orodha yake ya manunuzi? Mwaka 2004, kimbunga Frances kilipokuwa kinaelekea Florida, Walmart ilifungua kumbukumbu za mauzo ya kimbunga Charley kilichopita wiki chache kabla. Tochi zilikuwa zimetoka, kama ilivyotarajiwa. Lakini vitafunio vya Pop-Tarts vya ladha ya stroberi vilikuwa vimetoka mara saba kuliko kawaida. Malori yakapakiwa na kutumwa kabla upepo haujafika.

NIMEUZA NINI?

Je, wajua kwamba mashine ya keshia ilizaliwa baa? James Ritty wa Dayton, Ohio, alikuwa akiuza vizuri lakini haoni faida, kwa sababu fedha ziliishia mifukoni mwa wahudumu. Akiwa safarini kwenda Ulaya kwa meli aliona chombo kilichohesabu mizunguko ya rafadha. Akajiuliza: ikiwa mizunguko inahesabika, mauzo je? Mwaka 1879 yeye na ndugu yake walipata hataza ya mashine waliyoiita "Keshia Asiyehongeka".

Je, wajua kwamba kengele ya mashine hizo za zamani ilikuwa mlinzi? Ililia kila droo ilipofunguliwa, na mwenye duka aliyekuwa nyuma akajua kwamba fedha imeguswa. Mwaka 1884 John H. Patterson aliinunua biashara hiyo na kuijenga kuwa National Cash Register, kampuni ya NCR ambayo miaka 90 baadaye mfumo wake ungesoma msimbopau wa kwanza dukani.

Je, wajua kwamba msimbopau ulichorwa kwanza kwenye mchanga? Joseph Woodland alikuwa amekaa ufukweni Miami Beach akiwaza jinsi ya kuifanya mashine isome bidhaa. Alfabeti pekee ya alama aliyoijua ilikuwa ya Morse, aliyojifunza utotoni akiwa skauti. Akachora nukta na vistari mchangani, kisha akavivuta kwa vidole kuelekea kwake. Nukta zikawa mistari myembamba, vistari vikawa mistari minene. Yeye na mwenzake Bernard Silver waliomba hataza mwaka 1949, wakaipata 1952, wakaiuza kwa dola 15,000. Dunia haikuwa tayari: mwanga wa leza ulikuwa haujavumbuliwa na kompyuta zilikuwa ghali mno. Silver alifariki mwaka 1963, kabla ya kuona msimbopau ukisomwa dukani.

Je, wajua ni bidhaa gani ya kwanza kusomwa? Ilikuwa pakiti ya chingamu za Juicy Fruit, katika duka la Marsh mjini Troy, Ohio, asubuhi ya Juni 26, 1974. Bei: senti 67.

Je, wajua kwamba msimbopau wa kawaida hauna bei ndani yake? Una namba tu. Skana husoma namba, kompyuta ya duka hutafuta namba hiyo kwenye orodha yake, kisha huleta jina na bei. Ndiyo maana bidhaa ile ile huuzwa kwa bei mbili tofauti katika maduka mawili ya mtaa mmoja. Na ndiyo maana bei ya kaunta ikitofautiana na ya rafuni, kosa liko kwenye orodha: mtu alibadilisha bei mahali pamoja, akasahau pengine.

Je, wajua kwamba skana haijali pakiti ikigeuzwa juu chini? Mistari ya upande wa kushoto na ya kulia huandikwa kwa mtindo tofauti, hivyo mashine hutambua imeanzia upande upi.

Je, wajua kwamba tarakimu ya mwisho ni mlinzi wa zile zilizotangulia? Chukua namba ya mfano 620123456789. Jumlisha tarakimu za nafasi ya 1, 3, 5 na kuendelea: 6+0+2+4+6+8, unapata 26. Jumlisha zilizobaki: 2+1+3+5+7+9, unapata 27, zidisha kwa 3, inakuwa 81. Jumla ni 107. Ili kufika 110 inahitajika 3. Basi 3 ndiyo tarakimu ya 13. Keshia akikosea tarakimu moja anapoandika kwa mkono, hesabu haitakubali na mashine itakataa. Jaribu usiku huu na kopo lolote la jikoni kwako.

Je, wajua kwamba namba za Kenya huanza na 616, za Tanzania 620 na za Oman 607? Lakini usidanganyike: namba hizo huonyesha kampuni ilisajiliwa katika nchi gani, hazionyeshi bidhaa ilitengenezwa wapi. Vitabu vina "nchi" yao: 978. Na namba inayoanza na 2 ni ya ndani ya duka, kama lebo ya nyama iliyopimwa kwenye mizani ya hapo hapo.

Je, wajua kwamba msimbo wa QR ulizaliwa kiwandani? Masahiro Hara na wenzake wa Denso, kampuni ya vipuri vya magari ya Japani, waliutoa mwaka 1994 ili kufuatilia vipuri, na mchezo wa Go wa vijiwe vyeusi na vyeupe ulimpa Hara wazo la sura yake. Leo uko kwenye kibao cha malipo cha muuza matunda.

Je, wajua kwamba kwetu serikali nayo ilikuja kukaa kaunta? Tanzania ilianza kutumia mashine za risiti za kielektroniki, EFD, mwaka 2010, na wito wa "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" ukaenea nchi nzima. Rwanda ilifuata mwaka 2013 kwa mashine za EBM, Uganda mwaka 2021 kwa mfumo wa EFRIS, nayo Kenya ikaleta eTIMS mwaka 2023. Wafanyabiashara wengi huiona risiti kama kodi tu. Lakini kila risiti ni mstari wa daftari lako mwenyewe: saa, bidhaa, kiasi, bei. Ukizikusanya za miezi mitatu, zitakuambia siku gani unauza zaidi na bidhaa gani imegoma.

NIAGIZE KIASI GANI?

Je, wajua kwamba kompyuta ya kwanza duniani kufanya kazi za biashara za kila wiki ilikuwa ya wauza chai na keki? Kampuni ya J. Lyons ya Uingereza, yenye nyumba za chai kila kona, iliunda kompyuta yake yenyewe, LEO, na mwaka 1951 ikaanza kuipa hesabu za viwanda vya mikate. Miaka michache baadaye ikaipa kazi ngumu zaidi. Kila nyumba ya chai ilikuwa na oda yake ya kawaida ya kila siku. Mchana msimamizi alipigiwa simu akataja mabadiliko tu: punguza hiki, ongeza kile. Karani alitoboa mabadiliko hayo kwenye kadi, LEO ikajumlisha, na jikoni, wapakiaji na madereva wakapata orodha zao kwa wakati. Hadi leo mifumo mingi ya kuagiza hufanya hivyo hivyo: anza na kawaida, sahihisha kinachobadilika.

Je, wajua kwamba kanuni ya kiasi kizuri cha kuagiza ina zaidi ya miaka 100? Ford W. Harris aliichapisha mwaka 1913. Kuagiza mara nyingi kunakula nauli. Kuagiza kingi kwa mara moja kunalaza mtaji stoo. Harris alipata hesabu ya mahali pa katikati, na ndani yake kuna jambo linaloshangaza: mauzo yakiongezeka mara 4, oda inayofaa huongezeka mara 2 tu. Mwenye duka anayeongeza oda sawasawa na mauzo yake anajaza stoo bure.

Je, wajua kwamba "mstari wa kuagiza" unaweza kuuchora kwa penseli? Ukiuza mifuko 3 ya unga kwa siku na mzigo huchukua siku 4 kufika, agiza unapobakiwa na mifuko 12. Ongeza michache ya tahadhari kwa ajili ya barabara mbovu au sikukuu. Programu za mamilioni ya dola hufanya hesabu hiyo hiyo kwa bidhaa elfu arobaini kwa wakati mmoja, bila kuchoka.

Je, wajua kwamba watoto hutumia nepi kwa mwendo ule ule, lakini kiwanda cha nepi huyumba? Procter & Gamble waliliona hilo kwa nepi zao za Pampers. Mauzo ya madukani yalipanda na kushuka kidogo tu. Oda za wauza jumla ziliruka zaidi. Oda za kiwanda kwa wauza malighafi zikaruka zaidi tena. Wataalamu huiita athari ya mjeledi: mkono unatikisika kidogo, ncha inapasua hewa. Kila mmoja njiani anaongeza kidogo "kwa usalama", na usalama wa watu wengi unazaa ghasia. Dawa yake ni wote waione namba moja: kile ambacho mteja amenunua leo kaunta.

Je, wajua kwamba Toyota ilijifunza utengenezaji wa magari kwenye duka la vyakula? Taiichi Ohno, mhandisi wake, alivutiwa na maduka ya kujihudumia ya Marekani: mteja anachukua anachohitaji, kisha rafu inajazwa kiasi kilichochukuliwa. Akaleta mtindo huo kiwandani, kadi ndogo iitwayo kanban ikisema "kimechukuliwa, leta kingine".

Je, wajua kwamba methali yetu ya haba na haba hujaza kibaba imebeba kipimo cha dukani? Vibaba 2 ni kisaga, visaga 2 ni pishi. Programu ya duka isiyojua vipimo ni hasara: ikinunua katoni na kuuza pakiti bila kuelezwa katoni ina pakiti ngapi, hesabu yote huharibika siku ya kwanza. Duka la mtaani, linalopima mafuta kwa kikombe na sukari kwa robo, linahitaji umakini huu kuliko duka kuu.

STOO IMEBAKI NA NINI?

Je, wajua kwamba kompyuta inaweza kuapa kwamba bidhaa ipo, na rafu iko tupu? Watafiti Nicole DeHoratius na Ananth Raman walichunguza kumbukumbu karibu 370,000 za maduka 37 ya kampuni moja ya Marekani. Asilimia 65 hazikulingana na kilichokuwepo. Katoni imevunjika, mzigo umepokelewa bila kuhesabiwa, keshia amepitisha soda moja mara sita badala ya kusoma ladha sita. Mfumo ukiamini kuna 10 wakati hakuna hata moja, hautaagiza kamwe. Bidhaa hiyo imekufa dukani, na hakuna aliyeambiwa.

Je, wajua kwamba damu nayo ni bidhaa inayohitaji mpango? Ina muda wa kuharibika na kuna makundi yasiyopatikana kirahisi. Tangu Oktoba 2016, kituo cha Zipline huko Muhanga, Rwanda, hurusha ndege zisizo na rubani kupeleka damu hospitalini inapohitajika, badala ya kila hospitali kujaza jokofu na kumwaga kinachoharibika.

Je, wajua kwamba mojawapo ya mifumo bora ya kufuatilia akiba iliyowahi kujaribiwa kwetu ilitumia simu za vitufe? Mwaka 2009, Tanzania iliendesha majaribio yaliyoitwa SMS for Life katika wilaya za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, kwenye vituo vya afya 129. Kila wiki mhudumu alipokea ujumbe unaouliza dawa za malaria zimebaki ngapi. Alihesabu, akajibu bila gharama, akapata salio la simu kama shukrani. Ofisi ya wilaya iliona kituo kipi kina ziada na kipi kimekauka, ikahamisha.

Mwanzoni asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo. Baada ya wiki 21 vilikuwa asilimia 26. Hapakuwa na kompyuta kaunta wala skana. Palikuwa na swali moja lililorudi kila wiki, mtu aliyefungua kabati na kuhesabu kweli, na mwingine aliyeisoma namba na kuchukua hatua. Nyuma ya tofauti hiyo kuna mama aliyefika zahanati na mtoto mwenye homa, akaondoka na dawa.

Je, wajua, mwisho, neno daftari limetoka wapi? Tumelipata kwa Waarabu, nao kutoka kwa Wagiriki, ambao diphthera kwao ilikuwa ngozi iliyotayarishwa, ile waliyokuja kuiandikia. Ngozi ikawa karatasi, karatasi ikawa kadi iliyotobolewa, kadi ikawa programu ndani ya simu yako. Methali haijabadilika: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo kabla ya kununua programu yoyote, fanya hivi jioni ya leo ukishafunga duka. Chagua bidhaa 10 zinazotoka sana. Andika unachodhani umebakiwa nacho. Kisha ingia stoo, washa taa, uhesabu.